Kipimo cha leza na shingo ya mwenye kipandauso sugu

Swali: Nina umri wa miaka 38 na daktari wa neva amethibitisha kwamba nina kipandauso sugu. Kwa mwezi naumwa kichwa siku 17 hadi 20, na karibu kila mara shingo hukaza kabla ya kichwa kuanza. Natumia topirameti ili kupunguza mashambulizi. Hivi karibuni mtaalamu wa fiziotherapia alinifunga taa ndogo ya leza kichwani, akaniambia nifumbe macho, nigeuze kichwa, kisha nikirudishe katikati. Nilifanya hivyo mara tatu kila upande, siku ambayo kichwa kilikuwa kinauma kiasi, na kwa wastani mwanga ulikosa katikati ya shabaha ya ukutani kwa sentimita 8. Aliniambia kwamba shingo yangu "haijui ilipo", kwamba hapo ndipo penye chanzo cha kipandauso changu, na kwamba mazoezi yataniondolea haja ya dawa. Je, ni kweli? Niache dawa? Ndugu zangu nao wananishauri nikazungushwe shingo kwa nguvu mpaka ilie, eti "irudi mahali pake".

Jibu: Dada, nianze na lile linaloweza kukudhuru ukichelewa kulijua: usiache topirameti kwa sababu ya kipimo hiki. Aliyekupima alitumia kipimo halali, kinachojulikana katika fiziotherapia kwa zaidi ya miaka 30, na inawezekana kabisa kwamba shingo yako inahitaji kushughulikiwa. Lakini kutoka kwenye sentimita 8 za ukutani hadi kwenye kauli kwamba kipandauso chako kinatoka shingoni ni mwendo mrefu, na sehemu kubwa ya mwendo huo haina ushahidi.

Ukifumba macho hapo ulipo, bado unajua kichwa chako kimeelekea wapi. Ujuzi huo hautoki mahali pamoja. Viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio huuarifu ubongo kwamba kichwa kimesogea au kimeinama, lakini haviwezi kuueleza kama kichwa kimegeuka peke yake juu ya kiwiliwili au mwili mzima umegeuka pamoja nacho. Tofauti hiyo hujulikana kwa habari zinazotoka shingoni: kwenye misuli, kwenye maungio ya pingili, na kwa kiasi fulani kwenye ngozi. Habari za misuli ndizo zenye uzito zaidi. Ndani ya misuli mna vihisi vidogo sana vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kurefuka kwake, na misuli mifupi iliyo chini ya kisogo, ile inayounganisha fuvu na pingili mbili za kwanza, imejaa vihisi hivyo kupita kiasi, hata kuliko misuli midogo ya kiganja ambayo mtu angedhani ndiyo inayohitaji umakini mkubwa zaidi.

Kazi ya vihisi hivyo huonekana wazi vinapovurugwa kwa makusudi. Misuli ya nyuma ya shingo ikitetemeshwa kwa kifaa maalumu, vihisi hutuma ishara kana kwamba msuli unarefuka, na mtu aliyefumba macho huhisi kichwa kinasogea ilhali kimetulia, au mwili wake huanza kuyumba. Dawa ya ganzi ikidungwa ndani ya sehemu ya juu ya shingo, mtu mwenye afya njema hushikwa na kizunguzungu na mwendo wake ukawa wa kupepesuka. Habari hizo za shingo huungana na za macho na za sikio kwenye shina la ubongo na kwenye ubongo mdogo, na huchangia kuyatuliza macho juu ya kitu wakati kichwa kinageuka. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hisi ya shingo yake imevurugika ni nadra kuja na malalamiko kwamba hajui kichwa chake kilipo. Atasema anayumba akigeuka haraka, macho yanamchoka anaposoma, au kichwa kinakuwa chepesi bila chumba kuzunguka. Hukuandika lolote kuhusu kizunguzungu, na hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko zile sentimita.

Shingo na kipandauso hukutana mahali panapojulikana vizuri. Neva zinazotoka usawa wa pingili tatu za kwanza za shingo, na neva ya tano ya fuvu ambayo huchukua maumivu ya uso na ya utando unaofunika ubongo, humwaga habari zake kwenye mkusanyiko mmoja wa seli unaoanzia kwenye shina la ubongo na kushuka hadi sehemu ya juu ya ugwe wa mgongo. Seli moja ya hapo inaweza kupokea ishara za kisogo na ishara za utando wa ubongo kwa pamoja. Majaribio ya wanyama yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba neva kubwa ya kisogo ikisisimuliwa, seli hizo huitikia kwa nguvu zaidi ishara zinazotoka kwenye utando wa ubongo, na utando huo ukisisimuliwa, ishara za shingo nazo huitikiwa kupita kawaida. Barabara hiyo, basi, hupitika pande zote mbili: maumivu ya shingo yanaweza kuuchochea mfumo wa kipandauso ambao tayari ni mwepesi kuamka, na kipandauso nacho kinaweza kusikika shingoni ilhali misuli na maungio ya shingo hayana hitilafu yoyote.

Upande wa pili ndio unaosahaulika, na nadhani ndio uliomponyoka aliyekupima. Kukaza kwa shingo ni miongoni mwa dalili za awali za shambulio la kipandauso, pamoja na kupiga miayo, uchovu, kukosa umakini na kuchukia mwanga. Dalili hizo huweza kutangulia maumivu ya kichwa kwa saa nyingi, hata kwa siku moja au mbili. Shingo ikikaza mchana na kichwa kikaanza usiku, mfuatano huo hauthibitishi kwamba shingo ndiyo iliyoleta kichwa, kwa sababu mara nyingi shambulio limekwisha kuanza ndani ya ubongo na shingo ni mahali lilipojitokeza kwanza. Zaidi ya nusu ya watu wenye kipandauso hupata maumivu ya shingo, na wenye aina iliyo sugu huyapata zaidi kuliko wenye mashambulizi ya mara mojamoja. Ni sehemu ya ugonjwa, kama kichefuchefu kilivyo sehemu yake.

Sasa tukirudie kipimo chenyewe. Kilielezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1991, nao walikitumia kwa watu wenye maumivu sugu ya shingo. Mpimwaji hukaa kwenye kiti chenye egemeo, sentimita 90 kutoka ukutani, taa ikiwa imefungwa kichwani. Hutazama mbele mpaka atulie, mwanga hulinganishwa na katikati ya shabaha, hukariri mkao huo kwa sekunde chache, kisha hufumba macho, hugeuza kichwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wake bila kulazimisha, na kurudi taratibu mpaka pale anapoamini ni katikati. Umbali kati ya mwanga na katikati ya shabaha hubadilishwa kuwa pembe. Mpaka unaotumiwa na wengi kutenganisha kosa la kawaida na lililozidi ni nyuzi 4.5, ambazo kwa umbali wa sentimita 90 ni kama sentimita 7 ukutani. Sentimita zako 8, kama kweli ulikaa kwa umbali huo, ni nyuzi 5 hivi. Umeuvuka mpaka, lakini kwa nusu ya uzi. Na kama kiti kilikuwa sentimita 120 kutoka ukutani, sentimita zizo hizo 8 zinakuwa chini ya nyuzi 4 na uko ndani ya kawaida. Muulize aliyekupima umbali ulikuwa kiasi gani. Ni swali la haki na halimvunjii heshima.

Kuna mambo mengine matatu yanayonifanya nisiuamini sana wastani huo. Mara tatu kila upande ni chache. Kosa la mtu mmoja hubadilikabadilika sana kutoka jaribio moja hadi jingine, jaribio moja baya linaweza kuuvuta wastani wote, na hivyo hufaa kurudia angalau mara sita kwa kila upande, huku mpimaji akikirudisha kichwa katikati kabla ya kila jaribio ili kosa la kwanza lisirithiwe na la pili. Pili, ulipimwa siku ya maumivu. Maumivu yenyewe, hata yakiletwa kwa muda tu, huweza kuvuruga ishara za misuli na kula sehemu ya umakini ambao kipimo kinauhitaji. Najua kwamba kwa mtu mwenye siku 17 hadi 20 za kichwa kwa mwezi si rahisi kuipata siku safi, lakini siku yenye maumivu madogo kabisa ipo na inaweza kungojwa. Tatu ni dawa yako: topirameti huweza kupunguza umakini na kumbukumbu ya muda mfupi na kuleta kizunguzungu, na kipimo hiki kwa sehemu yake ni kipimo cha kumbukumbu, kwani huwezi kurudi mahali usipopakumbuka.

Hata namba ikiwa sahihi, wastani peke yake huficha mengi. Mtu anayepita katikati kila mara kwa kiasi kilekile na mtu anayetua leo kushoto, kesho kulia, safari hii juu na ijayo chini, wanaweza kuwa na wastani ulio sawa, lakini shida zao si moja. Wa kwanza ana mkao wa katikati uliohama. Wa pili ana ishara zisizoaminika. Ninapompima mtu mimi hutazama zaidi namna anavyorudi kuliko mahali anapotua. Wapo wanaokaribia katikati, wakapita, wakarudi, wakapita tena kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayepapasa swichi ya taa gizani. Wapo ambao wakigeuza kichwa mabega nayo yanageuka, na kwa hiyo shingo yenyewe imefanya nusu tu ya kazi. Wapo wanaouma meno na kuzuia pumzi tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo hayaonekani kwenye sentimita, na ndiyo yanayoniambia mazoezi yaanzie wapi.

Isitoshe, kichwa kinapogeuka katika kipimo hiki, viungo vya usawa vya sikio navyo vinasisimka, kwa hiyo kosa linaweza kutoka huko na si shingoni. Kuna namna ya kutenganisha: kichwa hushikiliwa kisitikisike, na kiwiliwili ndicho kinachogeuzwa chini yake kwenye kiti kinachozunguka, kisha mtu hutakiwa kukirudisha kiwiliwili kwenye mkao wa mwanzo. Hapo sikio halipokei mwendo wowote na shingo hubaki na kazi peke yake. Kwa mwenye kipandauso tofauti hii ni muhimu kuliko kwa wengine, kwa sababu kipandauso huvuruga mfumo wa usawa hata pasipo maumivu ya kichwa. Kuna aina yake ambayo kizunguzungu ndicho dalili kuu, na vigezo vya kuitambua viliwekwa mwaka 2012 kwa ushirikiano wa wataalamu wa masikio na wa maumivu ya kichwa. Ndiyo sababu nasema kizunguzungu kina uzito kuliko sentimita zako. Kama unacho, daktari wako wa neva anapaswa kukijua kabla ya mazoezi yoyote.

Je, wenye kipandauso kweli hukosea zaidi? Tafiti zilizolinganisha watu wenye kipandauso na wasio nacho hazikubaliani. Baadhi zimekuta makosa makubwa zaidi ya kurudisha kichwa, nyingine hazikuona tofauti, na pale tofauti ilipoonekana mara nyingi ilikuwa ndogo, huku watu wengi wa makundi hayo mawili wakipata matokeo yanayofanana. Wengi waliopimwa walikuwa makumi tu, njia za kupima hazikuwa moja, na maumivu ya shingo hayakutenganishwa kila mara na kipandauso chenyewe. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa maana kwa watu wenye maumivu sugu ya shingo, hasa baada ya ajali ya gari iliyorusha kichwa mbele na nyuma, ushahidi wa hisi ya mkao kupungua ni mzito zaidi. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiona kwa wenye kipandauso sugu hutokana na maumivu ya shingo walio nayo, na si kipandauso chenyewe moja kwa moja. Tafiti hizo pia zilipima watu mara moja tu, na kipimo cha siku moja hakiwezi kueleza kipi kilimtangulia kingine.

Ukiniuliza njia inayonishawishi zaidi, ni hii. Mwendo wa kawaida huzidisha maumivu ya kipandauso, na hilo limo hata katika vigezo vya kuutambua ugonjwa. Mtu anayeumwa zaidi ya nusu ya mwezi hujifunza, bila kukusudia, kukishika kichwa kisitikisike: hugeuka na mabega, hulala upande mmoja, hukwepa kuinama. Misuli ya ndani ya shingo, iliyoumbwa kufanya marekebisho madogo mchana kutwa, hupoteza kazi yake, na ile mikubwa ya juu juu hubaki imekaza kama walinzi. Baada ya miezi, vihisi vinatuma habari kutoka kwenye misuli ambayo imechoka, inauma au haitumiki, na ubongo unazipokea habari hizo mahali palepale ambapo mfumo wa maumivu umeshachochewa kupita kiasi. Katika picha hiyo hisi ya mkao ni matokeo kabla ya kuwa sababu, ingawa baadaye inaweza kuongeza mzigo wake. Siwezi kuthibitisha kila hatua ya maelezo hayo kwako wewe binafsi. Lakini yanaafikiana na yale ninayoyaona kwa wagonjwa kuliko maelezo kwamba shingo iliharibika kwanza na kichwa kikafuata.

Yapo kweli maumivu ya kichwa yanayotoka shingoni, na mtaalamu wako huenda aliyafikiria hayo. Kwa kawaida hukaa upande uleule mmoja bila kuhama, huanza shingoni na kupanda, huamshwa na mwendo au mkao fulani wa shingo, na shingo huwa imepungukiwa na uwezo wa kugeuka. Kipimo kinachosaidia ni kuinamisha kichwa mpaka kidevu kikaribie kifua, kisha kukigeuza kila upande: mtu asiye na shida hufika kama nyuzi 44, na mwenye hitilafu kwenye pingili mbili za kwanza mara nyingi hushindwa kupita nyuzi 32 hivi. Hicho kinaeleza zaidi kuhusu swali la chanzo kuliko leza, na kama hukupimwa hivyo, omba upimwe. Daktari wako wa neva aliposema kipandauso sugu alitumia vigezo vya kimataifa: maumivu ya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso. Kosa la nyuzi 5 halifuti utambuzi huo.

Kuhusu dawa, nimekwisha kusema usiache, na hata ukija kuiacha kwa sababu nyingine, topirameti hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya daktari. Kama haikusaidii baada ya kupewa muda na dozi ya kutosha, zipo njia nyingine za kuzuia mashambulizi: propranololi, amitriptilini, dawa za kingamwili zinazoizuia CGRP, protini inayoshiriki kuleta maumivu ya kipandauso, au kipokezi chake, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2018, na sindano za sumu ya botulinamu. Hizo za mwisho hudungwa kila wiki 12 katika sehemu 31 za kichwa, shingo na mabega, na huweza kudhoofisha misuli ya shingo kwa muda. Ukichomwa, mwarifu mtaalamu wa fiziotherapia kabla hajakupima tena, la sivyo atapima athari ya sindano akidhani anapima shingo. Hesabu pia siku unazomeza dawa za kutuliza maumivu. Dawa za kawaida zikifika siku 15 kwa mwezi, au triptani (dawa za kukatiza shambulio la kipandauso) na dawa za maumivu za mchanganyiko zikifika siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe huweza kuwa sehemu ya sababu kwamba kichwa hakiachi kuuma. Kwa idadi yako ya siku, mimi ningeanza kulichunguza hilo kabla ya kufikiria leza.

Mazoezi nayaunga mkono, ila kwa malengo yake mwenyewe. Ushahidi wa mazoezi ya kuratibu macho, kichwa na shingo unatoka zaidi kwa watu wenye maumivu sugu ya shingo, ambao kosa lao la kurudisha kichwa hupungua na maumivu hupungua kwa kiasi. Kwako nategemea shingo isiyokaza sana, kugeuka kwa uhakika zaidi, na kizunguzungu kupungua kama unacho. Siku za kipandauso zinaweza kupungua kidogo au zisipungue kabisa, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kukata tamaa baadaye.

Anza na misuli ya ndani iliyo mbele ya shingo: ukilala chali, tikisa kichwa kana kwamba unasema ndiyo kwa mwendo mdogo mno, kidevu kikishuka bila kichwa kuinuka, shikilia sekunde chache, pumua. Misuli minene ya pembeni ya shingo ikisimama chini ya vidole vyako, umetumia nguvu kupita kiasi. Ukishaweza hilo, keti mbele ya ukuta wenye alama, ukiwa na leza kichwani, na ufuate kwa mwanga mstari mfupi wa kulala, kisha wa kusimama, kisha umbo la nane, macho yakiwa wazi. Baadaye fumba macho, geuza kichwa nusu tu ya uwezo wako, rudi katikati, ufumbue na usahihishe. Kusahihisha huko ndiko kunakofundisha. Anayerudia bila kufumbua macho anakariri kosa lake. Hatua inayofuata ni kukazia macho kwenye alama huku kichwa kikigeuka polepole kushoto na kulia, na hii ndiyo inayowasumbua zaidi wenye kipandauso, kwa hiyo ichukue kwa sekunde chache mwanzoni. Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Siku ya shambulio pumzika. Maumivu ya kichwa yakipanda kwa kiasi kinachoonekana na yasishuke ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, punguza mwendo au muda kwa nusu badala ya kuacha lote.

Ushauri wa ndugu zako, hata kama umetoka kwenye mapenzi, usiufuate. Shingo yako haijatoka mahali pake, na kosa la leza halionyeshi pingili iliyohama. Kuzungushwa shingo kwa ghafla na kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mishipa ya damu inayopita shingoni kwenda kwenye ubongo, tukio la nadra lakini linaloweza kuleta kiharusi. Na ukipata maumivu mapya ya shingo upande mmoja usiyoyazoea, kichwa kinachouma kwa ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, homa pamoja na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kutamka, nenda hospitali mara moja bila kungoja mtu wa mazoezi wala jibu la mtu kama mimi.

Rudia kipimo baada ya wiki nane hivi, kwa umbali uleule wa kiti, saa zilezile, siku yenye maumivu madogo, mara sita au zaidi kila upande, na uombe uandikiwe kila jaribio badala ya wastani tu. Kwa muda huo weka daftari lenye mambo mawili yaliyotenganishwa: siku za kichwa, na hali ya shingo na kizunguzungu. Kosa likishuka hadi sentimita 4 na shingo ikalegea huku siku za kichwa zikibaki 18, mazoezi yatakuwa yamefanya kazi yake, na kitakachobaki cha kujadili na daktari wa neva ni dawa ya kuzuia. Siku za kichwa zikipungua huku leza ikibaki palepale, endelea na kilichokusaidia na usihangaike na ukuta.